Friza Isiyotumika Isiachwe na Mlango: Jinsi ya Kuuondoa Nyumbani kwa Usalama

Friza ya kusimama inapoharibika na fundi akasema gharama ya kuitengeneza inakaribia bei ya nyingine, familia nyingi huitoa jikoni na kuisukuma hadi kwenye veranda au nyuma ya nyumba. Hapo husubiri mnunuzi wa vyuma chakavu, au jamaa aliyesema ataichukua aifanye kabati. Wiki hugeuka miezi. Mvua huinyeshea, miguu huanza kushika kutu, lakini mlango wake bado hufunga barabara kama siku iliponunuliwa.

Mlango huo ndio hatari. Mtu mzima akiitazama friza hiyo huona chuma kikuukuu. Mtoto wa miaka minne au mitano anayecheza mchezo wa kujificha huona maficho mazuri kuliko yote uani. Anaingia, anauvuta mlango, na mlango unajifunga. Kwa sababu hiyo, kila mkazi mwenye friza au friji asiyoitumia tena anahimizwa kuiondoa mlango kabla haijatoka ndani ya nyumba. Kwa friza nyingi, kazi hiyo ni ya watu wawili, spana moja na bisibisi.

Kwa nini mtoto hawezi kutoka

Friza hutengenezwa ili baridi isitoke na joto lisiingie. Kuta zake na mlango wake vimejazwa sponji nene ya kuzuia joto, na pembeni mwa mlango kuna mpira laini wenye ukanda wa sumaku ndani yake. Mpira huo hushikana na bodi ya friza pande zote nne. Hewa haipiti, na sauti pia hupita kwa shida. Mtoto aliye ndani anaweza kupiga kelele na mtu anayefua nguo hatua chache kutoka hapo asisikie chochote.

Hewa iliyomo ndani ni kidogo. Mtoto anapovuta pumzi, oksijeni hupungua na kaboni dioksaidi anayoitoa hujaa mahali pale pale. Hofu humfanya apumue kwa kasi, na hewa huisha haraka zaidi. Huanza kuishiwa nguvu, na nguvu hizo ndizo angehitaji kuusukuma mlango.

Tatizo hili si geni duniani. Nchini Marekani, vifo vya watoto waliokwama ndani ya majokofu yaliyotupwa vilisababisha kupitishwa kwa sheria maalumu mwaka wa 1956. Sheria hiyo ililazimisha watengenezaji kuunda majokofu ya nyumbani ambayo mlango wake unaweza kufunguliwa kutoka ndani. Komeo za chuma zilizofungia nje zikaanza kutoweka, na milango ya sumaku ikachukua nafasi yake.

Hata hivyo, sumaku haikuondoa hatari yote. Friza nyingi za kusimama zina kufuli la ufunguo. Nyingine huegemezwa ukutani au kusukumiwa mizigo mbele, na mlango ukazibwa. Friza iliyolazwa chali ni mbaya zaidi, kwa kuwa mlango wote huwa juu ya mtoto na inambidi auinue kwa mikono akiwa amelala. Mlango wa friza ndefu unaweza kufika kilo 10 na zaidi. Mtoto mdogo hauwezi.

Kabla ya kuanza

Kwanza, friza izimwe kwenye soketi, kisha plagi ichomolewe kabisa. Kuzima swichi pekee hakutoshi. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni volti 240, na friza nyingi za kisasa zina waya unaopita kwenye bawaba ya juu kwenda kwenye taa au vitufe vilivyo mlangoni.

Pili, vyakula vitolewe na barafu iachwe iyeyuke yenyewe. Barafu nene inaweza kuchukua siku nzima. Vitambaa vikuukuu viwekwe chini, na mtu mzima awe karibu muda wote mlango ukiwa wazi. Barafu isichongwe kwa kisu, nyundo wala bisibisi. Katika friza nyingi za kusimama, rafu zenyewe zimepitiwa na mabomba membamba ya gesi, na ncha ya kisu hutosha kuyatoboa.

Tatu, kibandiko kilicho nyuma au ndani ya friza kisomwe ili ijulikane ni gesi gani iliyomo. Kikiandikwa R-600a, au kikiwa na pembetatu ya manjano yenye alama ya moto, gesi hiyo inawaka. Karibu na friza ya aina hiyo pasiwe na jiko la mkaa, sigara wala mashine ya kukata chuma inayotoa cheche. Kuondoa mlango hakugusi mabomba ya gesi hata kidogo, kwa hiyo anayefuata hatua hizi hana sababu ya kuyafikia.

Nne, watoto waondolewe chumbani mpaka kazi iishe.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: bisibisi bapa na ya nyota, seti ndogo ya spana (namba 8 na 10 hutumika mara nyingi), selotepu pana na imara, glavu, na kikombe cha kuwekea bolti. Friza nyingine zina bolti zenye tundu la pembe sita au la nyota ndogo, na hizo huhitaji funguo zake maalumu ambazo hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Watu wawe wawili. Hata mwenye nguvu nyingi asiifanye kazi hii peke yake, maana bolti ya mwisho ikitoka, mlango huanguka upande ambao hakuutarajia.

Hatua kwa hatua

1. Friza isogezwe mbali na ukuta, isimame wima kwenye sakafu kavu na iliyo sawa. Isilazwe. Rafu na vikapu vya mlangoni vitolewe ili mlango uwe mwepesi.

2. Mlango ufungwe, kisha selotepu ipitishwe kutoka mlangoni hadi kwenye bodi, mara mbili au tatu, upande wa mpini. Selotepu hii huushikilia mlango wakati bawaba ya juu inapotoka. Ni ya kazi hii tu na si njia ya kufunga friza ya kuhifadhiwa.

3. Bawaba ya juu itafutwe. Kwa kawaida imefunikwa na kifuniko cha plastiki kwenye kona ya juu. Kifuniko hicho huinuliwa polepole kwa bisibisi bapa, na baadhi huwa na skrubu moja inayokishikilia. Katika friza nyingine, bawaba imefichwa chini ya bamba lote la juu, na bamba hilo hufunguliwa kwa skrubu zilizo nyuma.

4. Kama kuna waya kwenye bawaba, kiunganishi chake kitenganishwe kwa kubana pembeni na kuvuta plastiki yenyewe, si waya. Ikiwa friza itatumika tena, waya usikatwe.

5. Mtu mmoja aushike mlango kwa mikono miwili. Mwingine afungue bolti za bawaba ya juu, ambazo mara nyingi huwa mbili au tatu, kwa kuzungusha kinyume na mwendo wa mikono ya saa. Bawaba iinuliwe na kuwekwa kando pamoja na bolti zake.

6. Selotepu itolewe. Mlango uvutwe mbele kidogo kwa juu, kisha wote wawili wauinue wima mpaka utoke kwenye pini ya bawaba ya chini. Migongo inyooke na magoti yakunjwe. Mlango ulazwe juu ya blanketi au kadibodi.

7. Kwenye pini ya chini huwa na visahani vidogo vya plastiki au chuma. Vikusanywe visipotee. Ikiwa friza inatupwa, bawaba ya chini nayo ifunguliwe, au pini ifunikwe kwa kitambaa na selotepu, kwa kuwa hujitokeza nje na inaweza kumchoma mtoto mguuni.

Friza yenye milango miwili, mmoja juu ya mwingine, huwa na bawaba ya katikati. Mlango wa juu hutangulia, bawaba ya katikati hufuata, kisha mlango wa chini. Yote miwili iondolewe. Kuacha mmoja ni kuacha mtego mmoja.

Bolti zikikataa

Katika maeneo yenye hewa ya chumvi, na kwa friza zilizokaa nje, bolti mara nyingi huwa zimeshikwa na kutu. Mafuta ya kulegeza kutu yapuliziwe, yaachwe kwa muda, kisha ijaribiwe tena kwa spana inayokaa sawasawa kwenye kichwa cha bolti. Spana inayocheza hula kichwa hicho, na baada ya hapo hata fundi atapata taabu.

Zikikataa kabisa, aitwe fundi wa majokofu. Msumeno wa mkono unaweza kutumiwa kukata pini ya bawaba iliyo nje ya bodi. Moto wa gesi na mashine ya kukata yenye cheche visitumike, hasa penye gesi ya R-600a. Sponji iliyo ndani ya mlango na kuta pia hushika moto na kutoa moshi wenye sumu.

Wakati fundi anasubiriwa, friza isibaki uani bila ulinzi. Iwekwe ndani ya chumba kinachofungwa kwa ufunguo. Mpira wa sumaku nao unaweza kung'olewa mara moja: katika friza nyingi huwa umechomekwa kwenye mfereji na hutoka kwa kuvutwa kuanzia pembeni, na katika nyingine hushikiliwa na skrubu ndogo. Bila mpira, hewa hupita na mlango haujifungi tena kwa sumaku. Hatua hii hupunguza hatari kwa muda, lakini mlango bado uondolewe.

Baada ya mlango kutoka

Rafu za ndani ziachwe mahali pake. Hilo huwashangaza wengi, lakini rafu huzuia mtoto kupanda na kujipenyeza ndani. Bodi igeuzwe ili uwazi wake utazame ukutani, na isimame mahali ambapo haiwezi kumwangukia mtu. Friza isiyo na mlango bado ni nzito na mtoto anaweza kuiparamia.

Mlango na bodi visihifadhiwe pamoja kwa namna ya kuvirudisha kwa urahisi. Mlango hauna haja ya kutupwa: mafundi wengi hununua mpini, mpira ulio mzima na bawaba kwa ajili ya kutengeneza friza nyingine.

Kwa wanaoishi kwenye ploti yenye ua mmoja, jambo hili lizungumzwe na msimamizi au mwenye nyumba. Friza ya mpangaji mmoja ni hatari kwa watoto wa wapangaji wote, na aliyehama akaiacha nyuma hayupo tena kuiangalia. Vivyo hivyo kwa wenye maduka ya samaki, nyama na vinywaji wanaoweka friza mbovu nje ya kibanda baada ya kununua mpya, na kwa mafundi ambao karakana zao zimejaa friza zinazosubiri vipuri. Friza iliyo karakanani kwa matengenezo nayo iondolewe mlango au ifungiwe ndani kila jioni.

Wanaogeuza friza kuwa kabati au kiangulio

Friza iliyokufa ina matumizi mengine. Wapo wanaoifanya kabati ya vyombo au unga kwa sababu panya hawaingii, na wapo wafugaji wanaoigeuza kuwa kiangulio cha mayai kwa kuwa hutunza joto. Mwenye nia hiyo aondoe kufuli na mpira wa sumaku, kisha aweke kishikizo chepesi ambacho hata mtoto mdogo akisukuma kutoka ndani kitaachia. Anayetaka kutoboa matundu ya hewa amwite fundi kwanza. Fundi atajua mabomba yamepita wapi na atatoa gesi iliyobaki kwa mashine yake.

Anayehama nyumba

Si kila mlango huondolewa kwa ajili ya kutupa friza. Wakati mwingine friza nzima na nzuri haipiti kwenye mlango wa nyumba mpya au kona ya ngazi. Kuondoa mlango na mpini hupunguza sentimita kadhaa, na mara nyingi hizo ndizo zilizokosekana.

Hatua ni zile zile, na kuna mambo matatu ya kuongeza. Kabla ya kulegeza bolti, mstari wa penseli uchorwe kuizunguka bawaba, ili irudi palepale ilipokuwa. Bolti na visahani viwekwe kwenye mfuko mmoja na kubandikwa ndani ya friza. Na friza isafirishwe ikiwa imesimama. Ikilazimika kulazwa, isimamishwe kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa, kama kijitabu chake kinavyoelekeza, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake.

Mlango ukisharudishwa, upimwe kwa karatasi. Karatasi iwekwe kati ya mpira na bodi, mlango ufungwe, kisha karatasi ivutwe taratibu. Ikishikwa, mpira umekaa vizuri. Ikichomoka bila kizuizi, bawaba irekebishwe, la sivyo baridi itavuja na bili ya umeme itapanda.

Friza ipelekwe wapi

Ukusanyaji wa taka na usimamizi wa majaa ni kazi ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inaweka wajibu kwa kaunti, wafanyabiashara na wananchi. Friza haipaswi kutupwa kando ya barabara, mtoni wala kwenye rundo la taka za kawaida.

Sababu nyingine ni gesi. Friza za zamani zilitumia R-12, mojawapo ya gesi zinazoharibu tabaka la ozoni na ambazo dunia ilikubaliana kuziondoa kupitia Mkataba wa Montreal wa 1987. R-134a iliyofuata haiharibu ozoni, lakini kilo moja yake hupasha dunia joto kwa zaidi ya mara 1,000 ya kilo moja ya kaboni dioksaidi katika kipindi cha miaka 100. Anayekata bomba kwa msumeno ili auze shaba huiachilia gesi hiyo yote hewani, na anayechoma waya na sponji huwavutisha majirani moshi wa sumu.

Mkazi anayetaka kuitoa friza yake anashauriwa kuulizia katika ofisi ya msimamizi wa wadi au ofisi ya NEMA iliyo katika kaunti kuhusu wakusanyaji wa taka za kielektroniki wenye leseni. Anayeiuza kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu aombe kuona leseni yake, ambayo ni sharti chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015. Kwa vyovyote vile, mlango utangulie kutoka. Ahadi ya mnunuzi kwamba atapita kesho si sababu ya kuuacha usiku huu.

Mtoto akipotea au akipatikana amekwama

Mtoto mdogo asipoonekana nyumbani, mahali pa kwanza pa kutazama ni palipofungika: friji na friza, masanduku, matangi ya maji, na magari yaliyoegeshwa, pamoja na buti zake. Paangaliwe kwanza, kabla ya watu kutawanyika mtaani.

Akipatikana ndani ya friza, atolewe mara moja na kulazwa chali mahali penye hewa. Aitwe jina na aguswe. Msaada uombwe kwa sauti, na simu ipigwe 999 au 112, namba za dharura zinazotumika kote nchini. Ikiwa hapumui, mtu aliyefunzwa huduma ya kwanza aanze kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua, na asiache mpaka mtoto apumue au wahudumu wafike. Hata akizinduka na kuonekana mzima, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo, kwa kuwa ukosefu wa oksijeni unaweza kuwa na madhara yasiyoonekana papo hapo.

Jambo la kufanya wiki hii

Kila mkazi azunguke nyumba yake na kutazama: je, kuna friza, friji au sanduku lolote linalojifunga ambalo halitumiki? Lipo kwa jirani? Lipo nyuma ya duka, kanisa, msikiti au shule? Mwenyewe aambiwe kwa upole na, ikiwezekana, asaidiwe kuufungua mlango. Asipopatikana, mzee wa mtaa au ofisi ya wadi ijulishwe. Na watoto waelezwe kwa maneno wanayoyaelewa kwamba friza si mahali pa kuchezea, hata ikiwa imezimwa. Wapo watakaosahau onyo hilo mchezo ukinoga, ndiyo maana mlango wenyewe haufai kubaki.